Uungwana ni vitendo, hata kwa mwana wa Duke

Wiki hii naweka kando habari za bei ya mchele na foleni za magari, nimjibu mama mmoja wa Tanga aliyeniandikia barua ndefu. Binti yake yuko chuo, mwaka wa pili. Alipokuja likizo alikuja na begi la nguo na begi la vitabu, na vitabu vyenyewe, anasema mama huyo, si vya masomo. Ni riwaya za mapenzi za Kiingereza, nene kama matofali, na karibu zote zinamhusu mwanamume wa Uingereza mwenye cheo cha kurithi: mara Duke, mara Earl, mara mtoto wa Lord fulani mwenye jumba la vyumba mia. Mama akaamua kukisoma kimoja. Akafika ukurasa wa mia mbili, wahusika hawajashikana hata mkono.

Anauliza maswali mawili. La kwanza: kuna utamu gani katika mapenzi yasiyokwenda mbele wala kurudi nyuma? La pili, na hili ndilo linalomkosesha usingizi: mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ada yake inapatikana kwa mbinde, anatafuta nini katika nyumba ya kabaila wa Kiingereza? Je, hatakuja kuwadharau vijana wa mtaani kwao akimngoja Duke ambaye hatafika?

Ni maswali ya haki, na si ya Tanga peke yake. Mimi mwenyewe vitabu vya jamii hii nilivijua bwenini miaka ya 1990. Kitabu kimoja kilikuwa kikipita mikono ya wasichana ishirini mpaka jalada linatoka, na wa ishirini na moja alikuwa hajui hata jina la mtunzi. Vikinunuliwa, vilinunuliwa kwa wauza vitabu vikuukuu waliotandaza bidhaa zao kandokando ya barabara za katikati ya Dar es Salaam. Kwa hiyo leo sisemi habari za watu baki.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Riwaya za mapenzi ziko za namna nyingi. Ziko zile ambazo mvulana na msichana wanakutana ukurasa wa tatu, ukurasa wa kumi wamekwisha kupagawa, na kurasa zilizobaki ni za kugombana na kupatana. Hayo ni mapenzi ya moto wa karatasi: unawaka, unaangaza chumba kizima, mara ni majivu. Anazosoma binti wa Tanga ni za moto wa pumba. Aliyekaa jirani na mashine ya kukoboa mpunga anaujua moto huo. Ukiutazama kwa juu huoni mwali, unaona moshi mwembamba tu. Lakini ndani unafukuta, na mtoto akiukanyaga ataungua mguu. Katika riwaya hizi wahusika wawili wanaanza wakiwa hawapatani, au wanafanya kazi pamoja tu. Wanapendana kidogo kidogo pasipo wao wenyewe kukiri. Msomaji anajua kabla yao, na utamu wake ni huo wa kujua jambo ambalo wenyewe bado wanalikana.

Pili, hizi si hadithi za kale. Ni za siku hizi. Duke wake ana simu ya mkononi, na pengine gari bovu. Kisa cha kawaida ni hiki. Kijana aliyekuwa akifanya kazi zake London anapata habari kwamba baba yake au ami yake amefariki, na kwamba sasa yeye ndiye mwenye cheo na jumba. Anakwenda huko shamba anakuta paa linavuja, madeni yamerundikana, wakulima waliopanga ardhi ya familia wanamtazama kwa mashaka, na bibi mzaa baba hataki kiti kihamishwe hata inchi moja. Hapo anaajiriwa binti wa watu wa kawaida: mpishi, mhasibu, mtunza nyaraka, au fundi wa kutengeneza picha za kale. Wanagombana juu ya fedha za ukarabati. Wanagombana tena juu ya miti ya bustanini. Kumbe kila ugomvi ni kuni.

Sasa tuvifafanue vyeo vyenyewe, maana bila kuvielewa huwezi kuona kwa nini mtunzi anavihitaji. Uingereza ina ngazi tano za vyeo vya kurithi. Juu kabisa ni Duke, anafuata Marquess, kisha Earl, kisha Viscount, na chini yao Baron. Vyeo vingi kati ya hivyo hurithiwa na wanaume tu, tena mtoto wa kwanza wa kiume. Dada zake, hata wakiwa wakubwa kuliko yeye, hurukwa. Mwaka 2013 Bunge la Uingereza lilibadili sheria ya kurithi kiti cha ufalme, ili mtoto wa kike asirukwe na mdogo wake wa kiume. Lakini vyeo vya makabaila havikuguswa na sheria hiyo. Tena kwa kawaida mrithi ni lazima awe amezaliwa ndani ya ndoa, na mtoto wa kulea hawezi kurithi cheo hata akipendwa namna gani.

Nguvu za watu hawa zimepungua sana. Kodi kubwa ya mirathi ilianzishwa mwaka 1894. Vita Kuu ya kwanza ikawaua warithi vijana, baba akifa leo na mwanawe kesho kutwa, na kila kifo na kodi yake. Katika karne ya 20 mamia ya majumba yao yalibomolewa kwa sababu wenyewe walishindwa kuyatunza. Wengine wakaona heri nusu shari. Marquess wa Bath alilifungulia umma jumba lake la Longleat mwaka 1949, watu waingie kwa kiingilio kama wanaokwenda sinema. Mwaka 1966 pakawekwa simba katika ardhi ya jumba hilo, magari ya watalii yakawa yanapita katikati yao. Sisi wa Serengeti na Mikumi tunaweza kutabasamu: kabaila wa Kiingereza alipotaka kuokoa paa la nyumba yake, aliokolewa na simba. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1999 iliyowaondoa karibu warithi wote katika Bunge la Malodi, wakabakizwa 92 tu, na tangu hapo mjadala ukawa ni lini hao nao waondoke.

Basi kama nguvu zimekwenda na fedha zimekwenda, mtunzi wa siku hizi anamtakia nini Duke? Hapa ndipo penye kiini cha swali la kwanza la mama yetu.

Moto wa pumba hauwezi kufukuta pasipo kufunikwa. Mapenzi hayawezi kuchelewa bila kitu cha kuyachelewesha. Zamani vitu hivyo vilikuwa vingi: baba hataki, kabila halitaki, barua inachukua mwezi mzima, msichana hatoki nje peke yake. Leo kijana na msichana wa London wakipendana Jumatatu, Jumanne wako pamoja, na hakuna wa kuwauliza. Mtunzi wa hadithi anabaki na shida: hadithi imekwisha kabla haijaanza. Akitaka kizuizi cha kweli ni lazima amtafute mtu ambaye hata leo hayuko huru kupenda tu. Mrithi wa jumba la miaka mia nne ni mtu wa namna hiyo. Akioa, haoi peke yake. Anaoa na paa linalovuja, na wapangaji, na picha za mababu ukutani, na magazeti ya udaku yanayongoja nje ya geti, na swali la nani atazaliwa arithi. Ndoa ambayo kwa vijana wengine wa huko imekuwa jambo la hiari, kwake bado ina uzito wa sheria.

Na binti naye ana kizuizi chake. Yeye ni mwajiriwa. Akisema anampenda, watu watasema anapenda nyumba. Akimkataa, atapoteza kazi anayoipenda. Kwa hiyo wote wawili wananyamaza, na ule unyamavu wao ndio kitabu chenyewe. Kikombe cha chai kinachoachwa mlangoni asubuhi kinakuwa habari kubwa. Mtu anayekumbuka kwamba mwenzake hali karanga anakuwa ametamka maneno mengi. Msomaji anajifunza kusoma vitu vidogo kama mvuvi anavyosoma upepo. Huo ndio utamu, mama. Wahusika wanakwenda mbele, ila kwa mwendo wa kobe, na kila hatua inaonekana.

Aliyewafundisha watunzi hawa kazi yao ni mwanamke mmoja aliyeishi na kufa bila kuolewa. Jane Austen alizaliwa mwaka 1775, akafa mwaka 1817 akiwa na miaka 41. Vitabu vyake vilipotoka mara ya kwanza havikuwa na jina lake. Riwaya yake iitwayo Pride and Prejudice ilichapishwa mwaka 1813. Sisi leo tunaiona ya kale, lakini yeye aliandika habari za watu wa zama zake, nguo zao, madeni yao na ngoma zao. Kwa wasomaji wake wa kwanza ilikuwa hadithi ya siku hizi kabisa.

Mwanamume wa riwaya hiyo, Darcy, hana cheo, ila mama yake ni binti wa Earl, naye ana ardhi kubwa na pato la pauni 10,000 kwa mwaka, ambalo kwa wakati ule lilikuwa jambo la kutisha. Elizabeth Bennet ni mmoja wa mabinti watano ambao baba yao akifa nyumba inakwenda kwa ndugu wa kiume wa mbali. Kwao ndoa si anasa, ni paa juu ya vichwa vyao. Mtu mwenye haraka angesema Elizabeth amkubali bwana huyo haraka iwezekanavyo. Sasa tazama hesabu ya mtunzi. Kitabu kina sura 61. Darcy anaposa mara ya kwanza katika sura ya 34. Anaposa kwa kiburi, akieleza jinsi anavyompenda ingawa jamaa zake msichana ni watu wa chini. Anakataliwa. Tena anaambiwa usoni kwamba mwenendo wake haukuwa wa kiungwana. Anaposa tena katika sura ya 58. Kati ya 34 na 58 ndipo hadithi ilipo.

Ni nini kinachotokea humo katikati? Kwanza, Elizabeth anafika nyumbani kwa Darcy akiwa mgeni tu wa kuangalia jumba, akidhani mwenyewe hayupo. Anayemtembeza ni mtumishi mkuu wa nyumba, mama aliyemjua bwana huyo tangu akiwa mtoto wa miaka minne. Mama huyo anamshuhudia kwamba ni mtu mwema kwa watumishi wake na kwa maskini wanaoishi katika ardhi yake. Msichana anasimama katikati ya fahari yote ile, lakini ushahidi unaomgeuza moyo unatoka kinywani mwa mtumishi. Pili, mdogo wake Elizabeth anatoroka na mwanamume laghai, na aibu inataka kuimeza familia nzima. Darcy anakwenda kimyakimya, analipa madeni ya yule laghai, anahakikisha ndoa inafungwa, na hataki mtu ajue. Elizabeth anazipata habari hizo kwa mlango wa nyuma. Anapoposwa mara ya pili, anayeposa ni mtu aliyekwisha kupimwa.

Wasikilizaji, sisi Waswahili tunalo neno moja linaloieleza kazi hii yote kuliko maelezo yangu ya nusu saa. Mwungwana, katika pwani yetu ya zamani, alikuwa mtu asiye mtumwa, mtu wa ukoo wa kujulikana. Lakini mwungwana pia ni mtu mwenye adabu na utu, awe nani awe. Neno ni moja, maana ni mbili, na kati ya maana hizo mbili kuna bonde refu. Wahenga waliliona bonde hilo wakasema: uungwana ni vitendo. Nao Waingereza wana neno lao la namna hiyohiyo, ambalo kwanza lilimaanisha mtu wa ukoo, baadaye likawa mtu wa tabia njema. Riwaya ya moto wa pumba yenye Duke ndani yake ni mtihani mrefu wa msemo huo wetu. Kwenye ukurasa wa kwanza mwanamume anatajwa kuwa mwungwana kwa kuzaliwa. Inambidi atumie kurasa mia nne kuwa mwungwana kwa vitendo. Asipofaulu, msichana anafunga begi lake anaondoka, na jumba linabaki na vyumba vyake mia.

Ndiyo maana mwendo ni wa polepole. Tabia ya mtu haionekani kwa siku moja. Inaonekana anapocheleweshwa, anapokataliwa, anapokosolewa na mtu aliye chini yake, anapotenda jambo jema pasipo kupigiwa makofi. Mambo hayo yanahitaji muda. Kwa maoni yangu, kitu ambacho wasomaji hawa wanakitamani hasa ni muda huo. Fahari ya jumba ni chambo tu.

Usidhani, mama, kwamba wewe ni wa kwanza kuvitilia shaka vitabu hivi. Mwaka 1740 mchapaji mmoja wa London, Samuel Richardson, alitoa riwaya iitwayo Pamela. Ni habari ya msichana mtumishi wa ndani anayeandamwa na bwana wake tajiri. Msichana anakataa, anafungiwa, anaendelea kukataa, hadi bwana yule anabadilika na kumwoa kwa heshima. Kitabu kiliwatia watu wazimu. Mwaka uliofuata, 1741, Henry Fielding akatoa kitabu cha kukidhihaki, Shamela, ambamo msichana yuleyule ni mjanja anayeutumia usafi wake kama mtego wa kumnasia tajiri. Basi mabishano tunayobishana leo, kama vitabu hivi vinafundisha msimamo au vinafundisha tamaa, yamekwisha kutimiza karne mbili na nusu na ushei.

Ilikuwaje hadithi hizi zikaenea hadi bwenini kwetu? Mwaka 1908 wanaume wawili, Gerald Mills na Charles Boon, walianzisha kampuni ya vitabu London. Mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila aina. Katika miaka ya 1930 ikajikita katika mapenzi, ikiuza zaidi kwa maktaba za kuazimisha kwa ada ndogo. Mwaka 1971 kampuni ya Harlequin ya Kanada, iliyoanza mwaka 1949, iliinunua. Kutoka hapo vitabu vyembamba vya maneno kama 50,000 vilisambaa duniani kote, kila kimoja na ahadi ileile: mwisho utakuwa mwema. Katika kitabu chembamba hivyo moto wa pumba haupati nafasi ya kutosha. Ndiyo maana anazosoma binti wa Tanga ni nene.

Mfalme wa zama zile, au niseme malkia, alikuwa Barbara Cartland, aliyezaliwa mwaka 1901 akafa mwaka 2000. Aliacha vitabu zaidi ya 700. Alikuwa akilala kwenye kochi akisema, na katibu wake akiandika. Wanaume wake walikuwa Malodi na wasichana wake walikuwa wasafi kama maji ya mvua. Hapa hadithi inakutana na maisha kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1976 binti yake Cartland aliolewa na Earl Spencer, baba yake Diana. Kwa hiyo Cartland akawa bibi wa kambo wa msichana ambaye inajulikana alivipenda vitabu vyake.

Diana alikuwa binti wa Earl, hakuwa maskini wa kuokotwa jikoni. Lakini tazama mwendo wa ndoa yake. Uchumba ulitangazwa Februari 1981, yeye akiwa na miaka 19. Harusi ikafungwa Julai mwaka huohuo, yeye ana 20, bwana harusi ana 32, na walikuwa wamekutana mara chache tu. Mwaka 1992 wakatengana, mwaka 1996 wakapeana talaka, mwaka 1997 Diana akafa ajalini Paris. Kila kitu cha riwaya kilikuwepo pale: mwana wa mfalme, farasi, gauni, kengele za kanisa. Kilichokosekana ni kurasa mia nne za katikati.

Na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1895 Consuelo Vanderbilt, msichana wa Kimarekani wa miaka 18, binti wa tajiri wa reli, alilazimishwa na mama yake kuolewa na Duke wa Marlborough, ingawa alikuwa anampenda mtu mwingine. Duke alipata hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5, na mkewe akapata jumba la Blenheim lenye baridi. Waliachana, na mwaka 1921 wakapeana talaka. Ndivyo ndoa nyingi za makabaila zilivyokuwa katika maisha ya kweli: fedha upande huu, cheo upande ule, na haraka katikati. Kwa hiyo riwaya ya moto wa pumba haiwasifii makabaila kwa jinsi walivyooa. Inawakosoa. Inampa msichana kile ambacho Consuelo na Diana hawakupewa, yaani nafasi ya kumtazama mtu huyu polepole, na ruhusa ya kusema hapana.

Lakini sitaki kuwa wakili wa upande mmoja. Swali la pili la mama lina uzito, na vitabu hivi vina upofu wake. Majumba yale hayakuota kama uyoga. Jumba la Harewood huko Yorkshire lilijengwa na familia iliyotajirika kwa sukari ya visiwa vya Karibi na jasho la watumwa. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na waliolipwa ni wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Jane Austen mwenyewe, katika Mansfield Park ya mwaka 1814, alimpa mwenye jumba mali huko Antigua, akapita haraka. Watunzi wengi wa siku hizi wanapita haraka zaidi. Wanaeleza paa linavyovuja, lakini hawaelezi paa lilijengwa kwa nini.

Sisi tumelelewa na vitabu vingine. Mwaka 1978 Adam Shafi wa Zanzibar alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo nako kuna jumba, kuna bwana wa kurithi, kuna mashamba. Lakini Adam Shafi anatuonyesha jumba lile kwa macho ya Kijakazi anayetumwa usiku na mchana, na bwana yule hafaulu mtihani wa uungwana hata kidogo; mwisho wake ni Mapinduzi ya mwaka 1964. Riwaya ya Kiingereza inauliza: je, mwenye kasri anaweza kuwa mwungwana kwa vitendo? Riwaya ya Kizanzibari inauliza: kwa nini mtu mmoja awe na kasri na mwingine awe mgongo wa kulibebea? Yote mawili ni maswali ya kweli. Msichana aliyelisikia moja tu amesikia nusu ya habari.

Basi, dada yangu wa Tanga, jibu langu ni hili. Usivichome vitabu hivyo, wala usivifiche juu ya kabati. Binti yako hamngoji Duke. Mtu anayejifunza kwamba mwanamume asipimwe kwa gari alilokuja nalo, ila kwa jinsi anavyomsemesha mhudumu wa hotelini na jinsi anavyopokea neno hapana, mtu huyo hajapotea. Mabinti wetu wengi huharibikiwa na watu wa moto wa karatasi: leo namba ya simu, kesho ahadi, keshokutwa mimba, mtondo simu haipokelewi. Kitabu kinachomwambia msichana ngoja, tazama, muulize mtumishi wake, kinasema maneno ambayo wewe na mimi tungependa ayasikie. Tofauti ni kwamba sisi tukiyasema anaona tunamhubiria.

Lakini kaa naye. Muulize huyo Duke amefanya nini hasa mpaka apendwe. Muulize watumishi wa jumba hilo wana majina, au wanaleta chai tu na kutoweka. Muulize paa lilijengwa kwa fedha za nani. Halafu weka Kasri ya Mwinyi Fuad juu ya lile rundo la vitabu, mwambie akimaliza cha Kiingereza achukue hicho. Akishavisoma vyote viwili, mtakuwa na mazungumzo ambayo hayapatikani redioni.

Kuhusu vijana wa mtaani kwenu, usiwe na hofu. Uungwana ni vitendo, na vitendo havihitaji jumba la vyumba mia. Wenye navyo wataonekana, ila na wao wajue kwamba binti wa mwalimu amejifunza kutazama bila haraka.